Kila Mtu na Pipa Lake

Mwaka wa themanini na nne sukari haikuwapo Kilindoni, kisiwani Mafia, sabuni haikuwapo, na dizeli ilipatikana kwa kubembelezwa, lakini kompyuta ilikuwapo. Ilishuka kwenye ndege ndogo pamoja na jenereta yake, zawadi ya wafadhili kwa ofisi yetu ya uvuvi, na kwa wiki nzima watu walikuja kuichungulia dirishani kama bibi harusi. Mimi, Biubwa, karani wa takwimu, nilitangaza siku ya kwanza kwamba dude lile halitatufaa kitu. Nina ulimi mwepesi na sijawahi kuujutia, ila siku ile ulinitangulia.

Aliyepelekwa Dar es Salaam kufunzwa kuiendesha ni Mwanahija, binti wa Jibondo, mwembamba, mkimya, mtu asiyekubali jambo mpaka alitie kidole. Alirudi na kitabu kinene cha Kiingereza na maneno mapya. Mfumo wa mashine ile uliitwa Unix. Kila ulichoandika kilikaa ndani ya faili, na mafaili yote yalikaa kwenye diski. Kama ulitaka kuyapeleka mbali, uliyanakili kwenye tepu, gurudumu la mkanda mpana kuliko ule wa redio, ukalipakia ndegeni. Mwanahija alinieleza hayo yote jioni moja tukimenya muhogo, nami nikajikuta nauliza maswali mengi kuliko nilivyokusudia.

Kazi yetu ilikuwa kujua nani anavua nini. Kila wiki nilizunguka kwenye madiko, pale vyombo vinaposhushia samaki, nikiuliza na kuandika, na nikirudi Mwanahija aliyaingiza niliyoandika kwenye mashine. Kwa watu wa Jibondo kazi ile haikuwa mchezo. Kisiwa chao ni kikavu, maji ya kunywa huyafuata kwa mashua upande wetu, na mashua isipoweza kuvuka, watoto hugawiwa maji kwa kikombe. Serikali ilikuwa imepata injini chache za kuvigawia vijiji vya wavuvi. Jibondo walitaka moja tu, waifunge kwenye mashua ya maji.

Mwaka uliotangulia waliomba wakanyimwa. Walijibiwa kwamba kwenye hesabu za uvuvi hawaonekani. Na kweli hawakuonekana, kwa sababu samaki wao waliandikwa kwa jumla chini ya ushirika wa Kilindoni, walikokuja kuwauza. Pweza wa wanawake ndio kabisa hawakuandikwa popote, maana mtu anayetembea mwambani kwa miguu maji yakitoka, kijiti mkononi, wakubwa hawakumwita mvuvi. Mwanahija aliapa kwamba safari hii kila mtu ataonekana kwa jina lake, wanaume na wanawake.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa Jibondo tu angelifanya. Kwao kila nyumba ina pipa lake la maji mlangoni, na maji ya mtu hayamiminwi kwenye pipa la jirani. Hata kama ni kata moja, hata kama jirani ni dada yako wa tumbo moja. Bora pipa lako lilale na kata moja chini kuliko maji yako yachanganyike na ya mwenzio, halafu kesho mtazamane kwa jicho baya. Basi Mwanahija alimpa kila mvuvi faili lake, na kila wiki akamfungulia jipya. Ndani ya faili aliandika mstari mmoja: jina, kijiji, samaki gani, kiasi gani. Mistari mifupi, mafaili maelfu.

Miezi ikapita. Wiki moja kabla ya mkutano wa kugawa injini, mashine ikakataa kuandika. Ikasema diski imejaa.

Siku hiyohiyo, kwa bahati yetu mbaya, alikuwapo Ndugu Sabiti, mkuu wa mradi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amekuja Jumanne na angeondoka na ndege ya Alhamisi. Si mtu mbaya, lakini ni mtu wa haraka, wa aina ile anayesimama mlangoni akikusikiliza, mguu mmoja tayari uko nje. Alimwambia Mwanahija achague: ama afute mafaili ya Jibondo, ambako ndiko kulikokuwa na mafaili mengi na samaki kidogo kidogo, ama awajumlishe wote kwenye mstari mmoja, Jibondo jumla. Mwanahija alisema wakijumlishwa wanawake watapotea tena, kwa sababu fomu ya jumla ilikuwa na nafasi ya vyombo tu, na mchokoaji pweza hana chombo. Ndugu Sabiti alisema nafasi haiumbwi kwa huruma. Akatoka kwenda kula.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Lakini Mwanahija hakukasirika, alishangaa. Aliniuliza inawezekanaje maneno machache vile kuijaza diski iliyosemwa inabeba vitabu vingi. Tulipiga hesabu ya herufi zote alizoandika tangu siku ya kwanza, na kweli, hazikufika hata sehemu moja ya kumi ya diski. Sasa nafasi iliyobaki imekwenda wapi? Nami nilitaka kujua. Kwa kweli sijui kama nilitaka zaidi kuiokoa Jibondo au kujua ile nafasi imekwenda wapi.

Alifuta mafaili mawili matatu ya mazoezi apate pa kujaribia. Kisha akatengeneza faili jipya lenye herufi moja tu, akaiuliza mashine nafasi imepungua kiasi gani. Haikupungua kwa herufi moja tu. Ilipungua nafasi ya herufi mia tano na kumi na mbili. Akaongeza neno, haikupungua tena. Akaongeza mistari, haikupungua. Akaendelea kuandika upuuzi, majina ya samaki, majina ya mashangazi, mpaka alipovuka kipimo kile kwa herufi moja, na hapo mashine ikala nafasi nyingine ya mia tano na kumi na mbili kwa mkupuo.

Tulirudia mara kadhaa, tukicheka kama watoto. Diski, kumbe, haigawi nafasi herufi kwa herufi. Imekatwakatwa mafungu, yote ya ukubwa mmoja, kama samaki wanavyopangwa mafungu pwani. Faili likitaka nafasi linapewa fungu zima, liwe na mistari kumi au herufi moja, na kinachobaki ndani ya fungu hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kukigusa. Mstari wa Mwanahija ulikaa chini kabisa ndani ya fungu lake, na juu yake patupu. Maelfu ya mafungu, yote matupu karibu mpaka chini, na mashine inalia kwamba imejaa.

"Nimejenga Jibondo humu ndani," alisema Mwanahija. "Mapipa mengi, maji hakuna."

Kulijua tatizo si kulitatua. Kuwaunganisha wote ndani ya faili moja, kwa ujuzi tuliokuwa nao, kungehitaji kuandika upya miezi yote, na siku zilikuwa mbili. Mwanahija akamfuata Ndugu Sabiti mezani, akamwomba kitu kimoja: asifute, wayanakili mafaili yote kwenye tepu kama yalivyo, aende nayo Dar es Salaam, yakachapwe huko. Ndugu Sabiti alikubali kwa sharti. Tepu ikiwa tayari kabla ya ndege kuruka, ataibeba. Isipokuwa tayari, diski itafutwa vivyo hivyo, kwa sababu kuna kazi nyingine ya mradi inayoisubiri.

Jumatano asubuhi aliianza kazi, nami nikakaa karibu kama mtu anayengoja jungu liive. Mkanda ulisogea kidogo, ukasimama, ukarudi nyuma kidogo, ukasogea tena, ukasimama. Nilidhani ni mwanzo wa kazi. Baada ya saa nzima ilikuwa bado ni hivyohivyo. Kitabu kilieleza sababu: kwa kawaida yake, mashine ilikuwa inapeleka fungu moja, inasimama, inaacha pengo tupu kwenye mkanda, inajipanga upya, ndipo inapeleka la pili. Na pengo lilikuwa refu kuliko fungu lenyewe. Nilitoka nje nikachungulia pipa la dizeli la jenereta. Kwa mwendo ule dizeli ingekwisha kabla Jibondo haijafika nusu, na ya kuongeza hatukuwa nayo.

Mwanahija alisimamisha kazi, akatoka, akakaa kwenye ngazi za ofisi akashika tama. Nilikaa naye. Nikafanya ninachokijua, nikauliza. Nilitaka kujua kwao, wakija kuteka maji upande wetu, pale Kiegeani, wanavukaje nayo, kila mtu na kidumu chake mapajani?

Alinitazama kana kwamba nimeuliza iwapo samaki anaogelea.

"Da Biubwa, tungevuka mpaka lini? Yakiwa baharini yanakwenda pamoja, kwenye mapipa makubwa ya mashua. Kila mtu anapata yake tukifika."

Aliinuka ghafla akaingia ndani, akakifungua kile kitabu, akaanza kupitisha kidole kwenye kurasa akinong'ona. Alipopata alichokitafuta alinisomea kwa Kiswahili chake. Ile programu ya kunakili ilikuwa na mahali pa kuiambia ipeleke mafungu mangapi kwa safari moja. Usipoiambia kitu, hupeleka moja. Mwisho wa uwezo wake ni ishirini. Na kila faili linatanguliwa na jina lake, kwa hiyo hata yakibanana njiani hayachanganyiki, yakifika yanatengana tena.

"Kukaa ni kukaa, na kusafiri ni kusafiri," alisema. "Mimi nilitaka watu wasafiri wamekaa kila mmoja kwake."

Aliandika ishirini. Mkanda ulianza kwenda, na safari hii ulikwenda. Ulisimama mara chache, ukavuta pumzi, ukaendelea. Kabla ya adhuhuri tepu ilikuwa imekwisha, dizeli imebaki, na mimi nimepiga vigelegele peke yangu ofisini mpaka mtu wa posta akaja kuuliza nani kaolewa.

Alhamisi Ndugu Sabiti aliitia tepu ndani ya mfuko wake. Lakini kabla ya kuondoka alisimama nyuma ya kiti cha Mwanahija akaamuru diski ifutwe mbele ya macho yake. Mwanahija aliomba iachwe mpaka tepu isomwe kule. Alikataa, akasema tepu ikishakuwapo diski ni ya nini tena. Mwanahija akafuta. Nilimchukia yule bwana kwa moyo wangu wote, na leo nikikumbuka bado namchukia kidogo.

Jumatatu tuliitwa kwenye chumba cha redio cha wilaya, redio ile ya kubonyeza kitufe unaposema na kukiachia unaposikiliza. Aliyekuwa upande wa pili ni Iddi, kijana anayeendesha kompyuta ya mradi Dar es Salaam. Alisema kwa upole kwamba tepu yetu ni mbovu. Ameijaribu tangu Ijumaa, kila akianza kusoma mashine inamtupia kosa, hajapata hata herufi moja. Mkutano wa injini ni kesho. Na Ndugu Sabiti amemwambia kwamba kwa kuwa tepu ni adimu, hii ifutwe, itumike kwa kazi nyingine.

Mwanahija alimwomba asubiri mpaka asubuhi. Iddi alisema atasubiri mpaka asubuhi tu.

Habari Mafia hazihitaji redio. Jumanne tulipofika kwenye chumba kile, tuliwakuta wanawake wa Jibondo wameketi barazani, wamevuka na mashua ya maji alfajiri na kudandia lori la nazi mpaka Kilindoni. Mbele yao alikuwa Bi Mwanasiti, mama yake Mwanahija, mchokoaji pweza tangu utotoni, na pembeni yake Bi Chiku, jirani yake, mwanamke mwenye kifua kipana na maneno machache. Niliwaamkia shikamoo, wakaitika marahaba bila tabasamu. Bi Mwanasiti hakupiga kelele. Alimwambia bintiye, "Ulituambia tumo, mwanangu. Tumo wapi?"

Mwanahija aliingia ndani, wote tukamfuata, chumba kikajaa, mwenye redio akalalamika, hakuna aliyemsikiliza. Akamwita Iddi. Badala ya kumbembeleza, alianza kumuuliza, taratibu, vile tulivyoiuliza diski. Unaisoma kwa programu gani? Inapokea kiasi gani kwa mara moja? Iddi alijibu kwamba ni programu waliyojiandikia wenyewe pale ofisini, inapokea fungu moja moja, kama kawaida.

Mwanahija alifumba macho. Baadaye alinieleza kilichompitia. Mtu wa Jibondo aliyesimama pwani anaiona mashua inakuja, anayaona mapipa, anajua alete chombo gani cha kupokelea. Haambiwi. Basi na yeye haikumpitia akilini hata kidogo kumwambia Iddi ukubwa wa kinachokuja. Na tepu haikubali kumimina nusu: kilichopandishwa kwa safari moja lazima kipokelewe chote kwa safari moja, la sivyo mashine inakataa kazi nzima.

Alibonyeza kitufe. "Tepu si mbovu, kaka Iddi. Chombo chako ni kidogo. Pokea mafungu ishirini kwa mara moja."

Redio ilikoroma. Tulingoja. Bi Chiku alivuta tasbihi. Niliwahi kungoja mtoto azaliwe, na nakuambia kungoja kule hakukuwa kurefu vile.

"Yanakuja," ilisema sauti ya Iddi. "Subhanallah, yanakuja majina kwa majina. Watu wote hawa ni wa kisiwa kimoja?"

Sikumbuki nani alimkumbatia nani. Iddi alisema atayachapa ayakimbize mkutanoni, turudi redioni saa kumi. Wanawake hawakuondoka, walikula mihogo barazani na kungoja.

Saa kumi sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kiofisi. Alisema mkutano umeyaona majina, lakini mjumbe mmoja ana shaka. Hajapata kuona orodha ya wavuvi iliyojaa wanawake. Anauliza kama ni watu kweli, au ni karani wa Kilindoni aliyejaza mashine majina ili kijiji kipate injini. Karani ni mimi. Nilijibu, na mwenye redio aliniomba nisirudie nilichosema. Iddi alieleza kwamba wajumbe watatu wamekuja naye, wamesimama hapo alipo, na kwamba ikiwa hakuna namna ya kuthibitisha, Jibondo itaandikwa kwa jumla ya vyombo vyake tu. Kwa vyombo peke yake injini hawapati.

Mwanahija aligeuka akawatazama wanawake waliojaa chumbani. Kisha akabonyeza. Alimwambia Iddi ayasome majina, yoyote, popote kwenye karatasi, ayaite kama mtu anavyoitwa.

Tulisikia karatasi zikifunuliwa. "Mwanasiti binti Shamte, wa Jibondo. Pweza."

Bi Mwanasiti hakuwahi kusimama mbele ya redio maishani mwake. Lakini mwanamke wa kwetu akiitwa kwa jina huitika, hata kama aliyemwita yuko ng'ambo ya bahari.

"Labeka," alisema.

Mwanahija akawahi kitufe, akamwomba mama yake arudie, naye akarudia kwa sauti ya kumfikia mtu aliye mwambani. Kisha Iddi akaita jina jingine, na mwanamke aliyekuwa karibu na dirisha akaitika. Akaita la tatu. Huyo hakuwapo, lakini dada yake alisema yuko Jibondo ananyonyesha, na pweza wa wiki ile walikuwa wanne, mmoja mdogo. Tukamsikia Iddi akimsomea mtu aliye karibu naye: wanne. Akaita la nne, likaitikiwa kabla hajalimaliza.

Sauti ya mjumbe mmoja iliingia, nzito, ya mtu mzima aliyezoea kusikilizwa. "Inatosha," ilisema. "Jibondo waandikiwe injini yao."

Vigelegele vilipasua chumba. Bi Mwanasiti alilia waziwazi, mimi nikalia naye, hata mwenye redio alikuwa anajifuta macho na kusingizia vumbi. Ni Bi Chiku peke yake aliyekuwa hajasogea. Alipita katikati yetu mpaka kwenye redio, akamwambia Mwanahija ambonyezee.

"Haijatosha," alisema. "Mimi sijaitwa."

Redio ilikoroma kwa muda mrefu. Tulisikia karatasi zikifunuliwa tena, moja moja, bila haraka.

"Chiku binti Mabruki," Iddi akaita. "Wa Jibondo. Pweza."

Bi Chiku alijifunga kanga yake vizuri kwanza.

"Labeka," akasema.